Nottingham Panthers: Msimu wa Marejeo, 1980–81

Msimu wa mwaka 1980–81 ndio ulioirejesha uwanjani Nottingham Panthers, klabu ya hoki ya barafuni ya mji wa Nottingham, Uingereza, baada ya kimya cha miaka 20. Klabu hii, iliyokusudiwa kuanza mwaka 1939 lakini ikazuiwa na Vita Vikuu vya Pili hata isishindane mpaka mwaka 1946, ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi mwaka 1951 na 1954, zama za Chick Zamick, Mkanada hodari ambaye mabao yake yalimfanya kuwa kipenzi cha mji mzima. Ila ligi ilipovunjika mwaka 1960, nayo klabu ikatoweka. Uwanja wake wa barafu haukufungwa, bali uliendelea kuwahudumia watelezaji, miongoni mwao Jayne Torvill na Christopher Dean, waliokuja kunyakua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984.

Marejeo yenyewe yalitimia kwa kuhamishwa timu ya Sheffield Lancers, iliyoletwa Nottingham na kuvikwa jina la kale. Na tarehe 20 Septemba 1980 Panthers wakawashinda Solihull Barons mabao 7 kwa 4. Thamani ya msimu ule haikuwa katika makombe, bali katika kuthibitisha kwamba mapenzi ya mashabiki hayakufifia kwa kupita kizazi kizima. Mwaka 1989 klabu ilitwaa ubingwa wa Uingereza huko Wembley, na mwaka 2017 ikawa ya kwanza nchini kutwaa Kombe la Bara la Ulaya.