Darubini ya Mfukoni

DARUBINI YA MFUKONI ni darubini ndogo ya macho mawili, ambayo vioo vyake vya mbele aghalabu havizidi upana wa milimita 25, na uzito wake huwa baina ya gramu 200 na 350, hata mtu akaweza kuichukua kutwa nzima katika mfuko wa koti au mkoba pasipo kuhisi mzigo. Makusudio yake si kushindana na darubini kubwa za manahodha, askari na wawindaji, bali ni kuwa karibu na mwenyewe saa ile asiyoitazamia: ndege asiyemjua anapotua juu ya mkoko, au jahazi linapochomoza baharini na tanga lake halijatambulikana. Kwa hiyo mwenye kuichagua hana budi kuyaweka mizanini mambo mawili yapinganayo, yaani wingi wa nuru na wepesi wa chombo, maana kila kiongezwacho upande mmoja hupunguzwa upande wa pili.

Jina na asili

Neno darubini limetoka katika Kiajemi, ambamo dur ni mbali na bin ni kuona, nalo katika Kiswahili limekuwa jina la kila chombo cha kusogezea vilivyo baidi, kiwe cha jicho moja au cha macho mawili. Hadubini, ambayo jina lake lafanana nalo, ni chombo cha kutazamia vitu vidogo mno. Mwaka 1608 Hans Lipperhey, fundi wa miwani katika mji wa Middelburg, Uholanzi, aliliomba Baraza Kuu la nchi ile limpe hataza ya darubini yake. Wakuu wakamtaka atengeneze nyingine itakayotazamwa kwa macho yote mawili, naye kabla ya mwaka kwisha akawaletea. Hivyo darubini ya macho mawili ni karibu rika moja na ile ya jicho moja, walakini ilikaa karne mbili na zaidi bila ya kustawi, kwanza kwa taabu ya kuilinganisha mirija miwili itazame mahali pamoja, na pili kwa sababu darubini za namna ya Galileo, zenye lenzi iliyobinuka mbele na iliyobonyea kwenye jicho, hufinya uwanja wa kuonea kila ukuzaji unapozidi. Namna hiyo imebaki katika vidarubini vya kutazamia tamthilia ukumbini, ambavyo ukuzaji wake ni mara 2 au 3 tu.

Mwaka 1611 Johannes Kepler alieleza kwamba lenzi mbili zilizobinuka zingeupanua uwanja ule, ila taswira yake ingepinduka, juu ikawa chini na kulia kukawa kushoto. Dawa ya ila hiyo ilipatikana kwa Ignazio Porro, Mwitalia, ambaye mwaka 1854 alipata hataza ya kuipindua tena taswira kwa vipande vya kioo vyenye pembe, viitwavyo prizimu. Na mwaka 1894 kiwanda cha Carl Zeiss katika mji wa Jena, kwa elimu ya Ernst Abbe, kikaanza kuuza darubini za prizimu zilizo bora. Prizimu, pamoja na kuisimamisha taswira, huikunja njia ya nuru ndani ya mrija, na mkunjo huo ndio ulioufupisha mrija hata ukaweza kuingia mfukoni.

Hesabu mbili

Kila darubini huandikwa hesabu mbili, mathalan 8x25, ya kwanza ikiwa ni ukuzaji na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Mwanagenzi huitazama ile ya kwanza peke yake, akadhani kwamba ya 10 lazima iishinde ya 8, ilhali hesabu yenyewe haimwungi mkono: jahazi lililo umbali wa mita 800 huonekana katika ukuzaji wa 8 kana kwamba liko mita 100, na katika ukuzaji wa 10 kana kwamba liko mita 80, lakini pamoja na jahazi hukuzwa na tetemeko la mkono, tena chombo chepesi hutikisika upesi kuliko kizito. Uwanja nao hupungua, kwani 8x25 iliyo njema huonyesha upana wa mita 110 hadi 130 kwa masafa ya mita 1000, na 10x25 za daraja hiyo hiyo huonyesha kama mita 90 hadi 105. Na kumtafuta ndege arukaye katika uwanja mwembamba ni sawa na kumtafuta kwa tundu la ufunguo.

Hesabu ya pili ikigawanywa kwa ya kwanza hutoa upana wa duara la nuru linaloingia jichoni, na hapa ndipo palipo siri ya uchaguzi. 8x25 hutoa milimita 3.1, 8x20 na 10x25 hutoa milimita 2.5 kila moja, na 8x42, ambayo ni darubini ya kuvaliwa shingoni, hutoa 5.25. Mboni ya jicho mchana mweupe huwa na upana wa milimita 2 hadi 4, na gizani mboni ya kijana hufika hata 7, ikipungua kadiri umri unavyosogea. Kwa hiyo mchana darubini ndogo haimnyimi mtu kitu kikubwa, bali magharibi inapoingia mboni hufunguka na nuru ya kuijaza haipo. Kioo cha milimita 42 huvuna nuru karibu mara 2.8 kuliko cha milimita 25, wala hakuna ufundi wa kuiziba tofauti hiyo. Tena duara jembamba hudai jicho liwekwe mahali pake barabara, kwani likisogea kidogo weusi huingia pembeni; na ndiyo sababu milimita 3.1 humpumzisha mtazamaji kuliko 2.5, hata katika jua la adhuhuri.

Maumbo

Darubini za mfukoni ni za maumbo mawili. La kwanza ni la prizimu za Porro zilizogeuzwa, ambalo vioo vya mbele hukaribiana kuliko vile vya macho. Umbo hili ni nene kidogo, lakini ni rahisi kutengenezwa vyema, na ukaribu wa vioo vyake hufaa kutazamia vitu vya karibu, kama Pentax Papilio ya 6.5x21, iwezayo kumtazama kipepeo aliye umbali wa nusu mita. La pili ni la mirija iliyonyooka, yenye prizimu zenye ukingo mfano wa mgongo wa paa. Hili ni jembamba na la kupendeza, lakini ukingo ule hutaka kusagwa kwa uangalifu mkubwa na kupakwa utando maalumu, na pasipo hayo taswira hupoteza ukali. Kwa hiyo mwenye fedha haba hupata kioo bora katika umbo la kwanza, na mwenye kuweza kulipa zaidi hupata wepesi katika la pili.

Lipo tena suala la bawaba. Zenye bawaba mbili hukunjwa zikawa kama kijaluba, ila kila zikitolewa sharti zifunguliwe na kupimwa upya kwa macho ya mwenyewe; zenye bawaba moja hujaza mfuko zaidi, lakini hushika kipimo chake na huwa tayari mara moja. Kwa kuwa ndege hamngojei mtu, bawaba moja huwafaa wengi.

Nuru ndani ya kioo

Kila uso wa kioo kisichopakwa kitu hurudisha nyuma nuru ipatayo asilimia 4 au 5, hata nyuso 10 zikabakisha kama thuluthi mbili tu ya nuru iliyoingia. Mwaka 1935 Alexander Smakula, katika kiwanda cha Zeiss, alivumbua utando mwembamba wa kuzuia hasara hiyo, na siku hizi darubini njema huwa na tabaka kadhaa za utando katika kila uso. Mnunuzi na ajihadhari na vioo vyenye mng'ao mwekundu kama yakuti, kwani huirudisha nuru nyekundu na kuifanya dunia kuwa ya kijani.

Kuijaribu dukani

Darubini hujaribiwa kwa macho ya atakayeitumia, si kwa sifa za muuzaji. Kwanza mirija ikunjwe mpaka taswira mbili ziwe duara moja, maana masafa baina ya mboni kwa watu wazima wengi ni milimita 54 hadi 74, na chombo kisichofika hapo hakimfai mwenyewe. Kisha jicho la kulia lifumbwe, gurudumu la katikati lizungushwe mpaka la kushoto lione kwa ukali. Halafu la kushoto lifumbwe, na la kulia lisawazishwe kwa pete yake, ambayo katika darubini nyingi huwa upande huo. Avaaye miwani atafute ile ambayo taswira yake yote huonekana jicho likiwa milimita 15 au zaidi nyuma ya kioo. Mwisho utazamwe mlingoti au ukingo wa paa: ukionekana maradufu, au macho yakihisi kuvutwa, mirija haikulingana, na darubini hiyo irudishwe bila ya kujadili bei.

Utunzaji

Adui wa darubini katika mwambao ni chumvi, mchanga na kuvu, ambayo hustawi ndani ya vioo vilivyofungiwa pahali penye unyevu. Iliyojazwa nitrojeni na kuzibwa isiingie maji huokoka zaidi. Isiyozibwa iwekwe pamoja na vifuko vya chembe za kufyonza unyevu. Vumbi lipulizwe na kupanguswa kwa brashi laini kabla ya kitambaa, wala kioo kisifutwe kwa ncha ya shati au kanga, kwani punje moja ya mchanga huacha mkwaruzo wa daima. Kulitazama jua kwa darubini yoyote ni kujitia upofu.

Hukumu ya uchaguzi

Mchagua nazi hupata koroma, na wengi waliotaka ukuzaji, wepesi na nuru katika kifuko kimoja walirudi na kisichofaa hata kimojawapo. Kwa matumizi ya kila siku 8x25 ya bawaba moja ndiyo iliyo wastani; 8x20 ni ya anayetaka wepesi kuliko vyote; 10x25 ni ya mwenye mkono uliotulia; na ya ukuzaji wa 6 au 7 ni ya mkono utetemekao na ya mpenda wadudu. Azimiaye kutazama bundi na nyota, na anunue kubwa.