Rumangabo, Miaka 100 ya Virunga

Mfalme Albert wa Ubelgiji alitia saini amri ya kuanzisha parke huko mashariki mwa Kongo tarehe 21 Aprili 1925, apate kuwahifadhi gorila wa milimani. Parke ikaitwa kwa jina lake. Jina la Virunga lilikuja 1969. Wazee wa Rutshuru bado husimulia Rwindi, kituo cha watalii ndani ya parke, ya enzi za Rais Mobutu, viboko tele mtoni na Wazungu wakishuka na kamera zao. Mwaka 1979 parke ikawa urithi wa dunia, na 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika na kukata kuni, ikaandikwa kati ya zilizo hatarini.

Mimi naanzia Rumangabo, makao makuu ya parke, kaskazini mwa Goma. Oktoba 2008 waasi waliyateka, walinzi wakatoroka kwa miguu kupitia msituni. Lakini kalamu yao haikutekwa. Tangu mwaka uliotangulia, gorila walipouawa kwa risasi, Senkwekwe akiwa mmoja wao, walinzi walikuwa wakiandika habari zao kwenye intaneti, na wasomaji ambao hawajawahi kuiona Kivu wakatuma pesa. Waliporudi kituoni walikuwa na watu wa kuwaunga mkono.

Baadaye ikajengwa hoteli ya Mikeno kwa mawe ya volkano, ndugu wa yale yaliyomeza mitaa ya Goma volkano ilipolipuka 2002. Mgeni alilipia tiketi kwenye mtandao angali kwao: dola 400 kuwaona gorila. Vita vikafunga njia 2012, ikafunguliwa 2014. Ikafungwa tena 2018, ikafunguliwa 2019, kisha korona.

Mwaka huo wa 2019 mlinzi mmoja alijipiga picha na gorila mayatima wawili, Ndakasi na Ndeze, wamesimama wima nyuma yake kama mashangazi kwenye harusi. Dunia nzima iliiona. Hata sisi wa Goma tuliiona kwenye simu. Kwa dola 400, wengi wetu hatujaona zaidi ya hapo.

Watalii walipokosekana 2020, parke iliweka kompyuta kwenye kituo chake cha umeme cha Luviro, zikitafuta bitcoin kwa umeme wa maporomoko yake yenyewe. Kituo chake kingine, Matebe, cha megawati 13.8, kilifunguliwa 2015, na baadaye kikawasha Goma. Karne ilitimia Aprili 2025, Goma na Rumangabo zikiwa mikononi mwa waasi wa M23. Chini ya taa za Matebe, chukudu, baiskeli za mbao za kusukuma, bado zinapita na magunia ya makaa.