Minyoo ya moyo: utunzaji wa mbwa baada ya tiba

Minyoo ya moyo (Dirofilaria immitis) huenezwa na mbu na hukaa katika mishipa inayotoka moyoni kwenda mapafuni, ambako jike hufikia urefu wa sentimita 25 hadi 30. Sindano za melasomini huiua, na hapo ndipo hatari kubwa huanza: minyoo iliyokufa hukatika vipande na kuziba mishipa ya mapafu. Mbwa akikimbia, moyo husukuma damu kwa nguvu na madhara huzidi.

Kwa hiyo mapumziko ni sehemu ya tiba yenyewe. Kwa kawaida mbwa hudungwa sindano moja, kisha mbili baada ya mwezi, kwa siku mbili mfululizo. Hatakiwi kukimbia hadi wiki 6 hadi 8 zipite tangu ile ya mwisho. Agizo hili ni gumu katika mitaa ya Mombasa kama Kisauni, Changamwe na Likoni kwa mbwa wa ulinzi, anayefunguliwa usiku azunguke ua. Afungiwe chumba kidogo chenye hewa, atolewe kujisaidia kwa kamba fupi alfajiri na magharibi, jua likiwa halichomi. Kumfunga mnyororo mahali wapita njia humchokoza si kumpumzisha.

Akikohoa damu, akipauka ufizi au akihema ilhali amelala, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, tena abebwe.

Mapipa ya maji yafunikwe, kwani humo huzaliana mbu, na dawa ya kinga ya kila mwezi isikatizwe. Kipimo cha kuthibitisha hufanywa miezi 9 baada ya sindano ya mwisho.