Kapasita, Gesi na Bodi: Historia Fupi ya Vipuri vya AC

Leo tuweke kompyuta kando kidogo tuzungumzie kiyoyozi, ile AC ya chumbani. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini kuna swali limenikaa kichwani muda mrefu. Kwa nini AC ikiharibika, kipuri kimoja unakipata dukani siku hiyo hiyo, kingine unaambiwa kinaondolewa sokoni, na kingine unaambiwa afadhali ununue mashine mpya? Jibu liko katika historia, na linatuhusu hata sisi watu wa programu.

Tuanze mwanzo. Mwaka wa 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, alipewa tatizo la kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, New York. Tatizo lenyewe lilikuwa unyevu. Karatasi zilivuta unyevu zikatanuka, basi rangi ya pili haikuangukia mahali pa ile ya kwanza. Carrier akachora mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba baridi ili unyevu ugeuke maji na kutoka. AC ya leo bado inafanya hivyo hivyo, ndiyo maana kuna kale kabomba kanakodondosha maji nje ya dirisha.

Mitambo ya kupoza ya wakati ule ilitumia gesi kama amonia na dioksidi ya salfa. Zilipoza vizuri, lakini zikivuja zilikuwa hatari kwa watu. Mwaka wa 1928 Thomas Midgley na wenzake, wakifanya kazi kwa ajili ya General Motors, wakapata gesi isiyowaka na isiyo na sumu, iliyokuja kuuzwa kwa jina la Freon. Mwaka wa 1930 Midgley aliivuta kwa pumzi mbele ya wanakemia wenzake, kisha akaipulizia mshumaa ukazimika. Nani angebisha tena?

Karibu na wakati huo huo, mwaka wa 1927, General Electric ilianza kuuza friji ambayo mota na kompresa vilifungiwa pamoja ndani ya chuma kisichofunguliwa. Kabla ya hapo mota ilikaa nje na kuzungusha kompresa kwa mkanda, na gesi ilikuwa ikivuja pale mhimili unapoingilia. Kuifungia ndani kuliondoa uvujaji huo, lakini pia kulimnyang'anya fundi spana. Mpaka leo kompresa ya AC ya chumbani ikiungua haifunguliwi. Mabomba ya shaba hukatwa, ikachomelewa nyingine.

Sasa tuje kwenye kipuri rahisi kuliko vyote: kapasita. Umeme wa nyumbani una njia moja tu, na mota ya namna hiyo haiwezi kuanza kuzunguka yenyewe bila kusukumwa. Kapasita ndiyo inayoupa umeme wa pili tofauti ya wakati, mota ikapata upande wa kuelekea. Ikichoka, utasikia AC inanguruma nje lakini kompresa haishiki. Ofisi moja niliyofanyia kazi Mombasa ilipatwa na hayo. Fundi akasoma namba mbili ubavuni mwa ile kapasita, mikrofaradi 35 na volti 450, akaenda dukani akarudi na ya kampuni nyingine kabisa, na kazi ikaisha kabla ya chakula cha mchana. (Usijaribu mwenyewe. Kapasita huweka umeme hata baada ya swichi kuzimwa.)

Angalia vizuri hapo. Fundi hakuhitaji jina la aliyeunda AC. Alihitaji namba mbili, na zimeandikwa wazi kwa kila mtu. Sisi waandishi wa programu tungesema mahali pa kuunganishia pako wazi.

Gesi ina hadithi nyingine. Mwaka wa 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii ya Freon hupanda juu sana angani, klorini yake ikala tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka wa 1985 wanasayansi wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika inapungua vibaya kila majira ya kuchipua ya huko. Tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yakatia sahihi Itifaki ya Montreal. Mazungumzo yaliongozwa na Mostafa Tolba wa Misri, mkuu wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Gigiri. Sekretarieti ya Ozoni iko hapa hapa Nairobi pia.

Gesi ya R-22, iliyojaa katika AC za zamani tulizo nazo, ina klorini kidogo, basi ikapewa muda mrefu zaidi. Kwa nchi zinazoendelea matumizi yaligandishwa mwaka wa 2013, yakatakiwa kupungua kwa asilimia 35 kufikia 2020 na asilimia 67.5 kufikia 2025. Mwaka wa 2030 yanatakiwa kuwa yamepungua kwa asilimia 97.5, na hicho kidogo kinachobaki ni cha kuhudumia mashine za zamani hadi 2040.

Je, huwezi kuijaza mashine ya R-22 gesi mpya tu? Hapana. R-410A ina shinikizo kubwa zaidi kwa takriban asilimia 60, na inataka oili ya aina nyingine ndani ya kompresa. R-32 nayo inaweza kushika moto, japo si kwa urahisi. Na safari haijaisha. Mwaka wa 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kupunguza hata gesi hizi mpya kwa sababu zinaongeza joto la dunia. R-410A hunasa joto zaidi ya mara 2,000 kuliko hewa ya kaboni ya uzito ule ule.

Kwa hiyo gesi inaondoka, lakini inaondoka kwa sababu iliyoelezwa, na kwa ratiba ambayo fundi yeyote angeweza kuijua miaka mingi kabla.

Linganisha sasa na kipuri cha tatu, bodi. Mwaka wa 1981 Toshiba ilitoa AC ya nyumbani yenye inveta. Badala ya kompresa kuwaka na kuzimika, bodi ya elektroniki hubadilisha kasi yake na umeme ukaokolewa. Hilo ni jambo zuri sana. Lakini kazi iliyofanywa na kapasita ya namba mbili sasa inafanywa na bodi yenye programu ndani yake. Bodi ya modeli moja mara nyingi haiongei na kompresa ya modeli nyingine, hata zikiwa za kampuni moja. Ikiungua baada ya miaka sita na muuzaji hana nyingine, mabomba mazima, feni nzima na kompresa nzima vinaenda kwa watu wa vyuma chakavu.

Hakuna mkataba wa kimataifa ulioamuru hivyo. Hakuna ozoni inayookolewa. Ni uamuzi wa watu kama mimi, wanaokaa mbele ya kompyuta na kuchagua kama maelezo ya bodi yataandikwa wazi au yatafungiwa kabatini.

Ukienda kununua AC, usiulize bei na ukubwa tu. Soma kibandiko uone ni gesi gani, kisha muulize muuzaji kama anauza bodi yake peke yake na itapatikana kwa miaka mingapi. Akikosa jibu, tembea hadi duka linalofuata.