Fisi si mbwa: historia fupi ya mnyama anayekuita kwa jina

Katika kitabu cha madubwana cha mchezo wa Dungeons & Dragons kilichotoka mwaka 1977 yumo mnyama anayeitwa leucrotta. Ana mwili kama wa paa dume, kichwa kinachofanana na cha nyegere, na badala ya meno ana ukingo wa mfupa mtupu. Ubaya wake hasa ni sauti. Anaiga sauti ya binadamu, unadhani ni mwenzako anaomba msaada, unatoka kwenda kumsaidia, basi, umekwisha.

Kwa wasioujua mchezo huu: ni watu wanne au watano mezani, mmoja ni msimulizi, wengine wanaigiza wahusika, na kete yenye pande 20 huamua kama upanga umepata au umekosa. Hauhitaji kompyuta hata kidogo, lakini mimi ni mtu wa programu, kwa hiyo nimeandika programu ndogo ya kutunza viumbe wetu. Kikundi chetu cha hapa Nyeri kilikubaliana kwamba safari hii hatutaki majoka ya Ulaya. Nchi yetu ya kubuni ina mlima wenye theluji, msitu wa mianzi na migongo ya vilima, na mimi nilipewa kazi ya kuunda mnyama wa kichawi wa jamii ya mbwa.

Mbwa wa kweli wa pori wapo, wala si mbali. Yule mnyama tuliyezoea kumwita mbweha wa dhahabu, anayeonekana pande za Laikipia, alipimwa vinasaba, na mwaka 2015 wanasayansi wakatangaza kwamba huyu wa Afrika ni spishi yake mwenyewe, yuko karibu zaidi na mbwa mwitu wa Ulaya. Nacheka kidogo nikikumbuka Baden-Powell, aliyewaita skauti wake wadogo watoto wa mbwa mwitu mwaka 1916, akafariki Nyeri mwaka 1941 na kuzikwa hapa hapa, katika nchi yenye mbwa mwitu wake ambao hakuna aliyewaita hivyo. Lakini mbweha huyu hana hadithi nzito. Mwenye hadithi ni fisi.

Hapo kompyuta inakataa. Katika programu yangu kila kiumbe hurithi sifa za kiumbe kilicho juu yake, na fisi huwezi kumweka chini ya mbwa. Ana sura ya mbwa na mbio za mbwa, lakini kwa ukoo yuko upande wa paka, fungo na nguchiro. Nikamfungulia tawi lake. Mezani tutaendelea kumwita mbwa, kama watu walivyofanya kwa miaka elfu mbili.

Na miaka elfu mbili si maneno ya kupamba. Leucrotta hakubuniwa Marekani. Mrumi Pliny, aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba fisi huvizia penye vibanda vya wachungaji, hujifunza jina la mmoja wao, humwita atoke nje, kisha humrarua. Aliandika pia kuhusu wanyama wa Ethiopia wenye damu ya fisi na wenye kuiga sauti za watu. Ethiopia kwake ilikuwa karibu kila kitu kilichoko kusini ya Misri, yaani sisi pia tumo. Kwa hiyo uvumi ulitoka upande huu, ukazunguka vitabu vya Ulaya, ukavuka bahari, ukapewa pointi za uhai, na sasa unarudi Nyeri ndani ya kitabu cha kununua! Gnoll naye alipitia njia hiyo. Mwaka 1974 alielezwa kama mchanganyiko wa viumbe wawili wa hadithi za Ulaya. Mwaka 1977 akabandikwa kichwa cha fisi. Toleo la 2014 linasema gnoll hutokana na fisi waliokula mizoga iliyoachwa na pepo mmoja. Ona hapo: kosa la fisi ni kula maiti.

Sasa tuje nyumbani. Kwa Kikuyu fisi ni hiti. Katika hadithi za watoto ni mlafi na mjinga, yule aliyefika njia panda, akasikia harufu ya nyama pande zote mbili, akataka kufuata njia zote mbili mpaka akapasuka. Anayeogopwa katika ngano ni irimu, kijana mtanashati anayekuja ngomani na kuwavutia wasichana, kumbe nywele zake zinaficha mdomo wa pili kisogoni. Ukitaka dubwana la haraka, mchukue irimu. Hiti ana kitu kingine kabisa, nacho hakimo katika ngano. Kimo katika historia.

Kabla ya wakoloni, Agikuyu wengi hawakuzikwa. Kaburi lilikuwa la wazee wenye mali na watoto. Wengine, mtu alipokaribia kukata roho, alitolewa nje akawashiwa moto, na fisi alikuja kumchukua. Aliyefia nyumbani, ukuta ulitobolewa ili fisi aingie, na nyumba ikaachwa. Haukuwa ukatili. Kugusa maiti kulileta thahu, unajisi unaohitaji utakaso, na unajisi huo uliweza kuwapata watu wako na mifugo yako. Kazi ambayo hakuna binadamu aliyeweza kuifanya bila hasara, hiti aliifanya bure, usiku, na asubuhi palikuwa safi.

Kisha wakaja wamisionari. Wale wa Consolata walifika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902 na muda mfupi baadaye wakawa Nyeri. Waskoti walianza kituo cha Tumutumu mwaka 1908. Wanafunzi wao wa kwanza walitakiwa kubeba maiti na kuchimba kaburi, na kwa wazazi wao jambo hilo lilitisha kuliko ubatizo wenyewe. Serikali nayo ilitaka watu wazike. Ndani ya kizazi kimoja au viwili mambo yakageuka: kuzika kukawa ustaarabu, na hiti akabaki na aibu peke yake. Leo mazishi hapa ni hema, matangazo redioni na michango, na wengi wetu hatupendi kusikia kwamba babu wa babu alichukuliwa na fisi. Mimi naona tumemtupia mnyama deni letu. Hata biolojia ilimtetea kwa kuchelewa: mwaka 1972 Hans Kruuk alichapisha kazi yake ya Serengeti na Ngorongoro, ikaonyesha kwamba fisi madoa huwinda sehemu kubwa ya chakula chake, na Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyekula alichoua fisi.

Basi Hiti wetu nimemwandika hivi. Anaita watu kwa majina, hilo nimemrudishia kutoka kwa Pliny, lakini haiti ili kudanganya. Akiita jina, mwenye jina amebakiwa na siku tatu, na mchezaji hupata usiku mmoja wa kusema analotaka kusema. Hashambulii mzima asiyemzuia. Ukimwachia maiti wa mwenzako kwa heshima, anakujibu swali moja kwa sauti ya marehemu, na jibu ni la kweli. Ukimuua, kila anayefia kwenye mgongo ule wa kilima anabaki palepale, na thahu inaingia nyumba moja kila usiku mpaka mtu akubali kubeba maiti kwa mikono yake mwenyewe.

Mwenzetu mmoja aliyezoea michezo ya kompyuta aliuliza kumuua Hiti kunaleta pointi ngapi. Nimeweka sifuri.