Kubeba Folda Haitoshi: Historia Fupi ya Mipangilio Yetu

Siku hizi wengi wetu tunatoa diski ya zamani ndani ya mashine na kuweka SSD. Mtu ananakili TFC yake, picha na muziki, anasema amemaliza. Akiwasha mashine, programu zinakataa kufunguka, na ile mipangilio yake yote (maparametre, kama tunavyosema) imepotea. Shida hii iko na historia, na ukiijua utajua vitu gani vya kuokoa.

IBM PC ilitoka mwaka 1981 bila diski ngumu. Programu ilikaa kwenye disketi, na mara nyingi mipangilio yake ilikaa pale pale kando yake. IBM PC XT ya 1983 ilikuja na diski ngumu ya megabaiti 10, lakini desturi ya DOS haikubadilika sana: programu nyingi zilikaa kila moja katika folda yake. Ukibeba folda, umebeba nyumba pamoja na vyombo.

Windows ndiyo ilianza kutenganisha. Windows 3.1 ya mwaka 1992 iliandika mipangilio mingi katika mafaili ya INI, kama WIN.INI na SYSTEM.INI, mbali na folda ya programu. Angalau mtu aliweza kuyafungua na kuyasoma. Kisha Windows 95, mwezi wa nane 1995, ikakusanya sehemu kubwa ya mipangilio katika ghala moja linaloitwa Registry. Faida ilikuwa ya kweli: watu kadhaa waliweza kutumia mashine moja, kila mtu na mipangilio yake. Lakini tangu hapo kunakili folda ya programu peke yake ni bure, juu nusu ya maisha yake iko kwingine.

Microsoft yenyewe iliona shida hiyo. Windows XP, mwaka 2001, ilikuja na chombo cha kuhamisha mafaili na mipangilio. Katika Vista na Windows 7 kikaitwa Windows Easy Transfer. Windows 10 ikatoka mwaka 2015 bila chombo hicho. Kazi ikarudi kwa mwenye mashine.

Njia nyingine ilitoka New Zealand katika miaka ya 1990: programu Ghost, ambayo Symantec ilinunua mwaka 1998. Yenyewe inanakili diski nzima, Windows, programu na mipangilio pamoja. Ni njia nzuri kama diski ya zamani ni nzima. Kama iko na virusi, navyo vinahama.

Ukiamua kuweka Windows upya, andika kwanza orodha ya programu zako na namba za leseni. Onyesha mafaili yaliyofichwa, kisha nakili folda AppData iliyo ndani ya folda yenye jina lako. Mule ndimo Word inaweka CUSTOM.DIC, kamusi ya maneno uliyoongeza mwenyewe: majina ya vijiji, maneno ya Kimashi ao Kinande ya utafiti wako. Wenye kutumia Zotero, hapana kusahau folda yake. Alama na maneno ya siri ya kivinjari navyo uviokoe.

Na diski ya zamani usiifute mbio. Fanya kwanza kazi wiki mbili tatu kwenye mpya. Kile ulichosahau utakijua siku utakapokihitaji.