Epijenetiki: alama juu ya jeni

Neno "jeni" limeshazoeleka. Hata "vinasaba" si neno la wasomi peke yao tena, kwa sababu ya kesi za kumtafuta baba wa mtoto ambazo sampuli zake hupelekwa kupimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Epijenetiki bado ni mgeni.

Aliyeliingiza neno hilo katika sayansi ni Mwingereza Conrad Waddington, mwaka 1942. "Epi" ni Kigiriki, maana yake "juu ya". Ukilitafsiri "jenetiki ya juu", msomaji atadhani ni somo la chuo kikuu. "Urithi wa nje ya jeni" nalo silikubali, kwa kuwa sehemu kubwa ya alama hizi zinazowekwa juu ya jeni hufutwa mimba ingali changa; hazirithiwi.

Aliyepita madrasa ataelewa upesi. Andika herufi ya Kiarabu be mara mbili. Ukizitia alama ya irabu fataha utasoma baba, ukizitia kisiri utasoma bibi, ukizitia dhuma utasoma bubu. Herufi hazikubadilika hata kidogo. Ndani ya seli kazi hiyo hufanywa, pamoja na vingine, na metili: kaboni moja na haidrojeni tatu zinazojibandika kwenye sitosini, mojawapo ya herufi nne za DNA. Zikisongamana mwanzoni mwa jeni, mara nyingi jeni hunyamaza, kama herufi iliyotiwa sukuni, alama ya kukosa irabu.

Sasa tuzitazame alama hizi katika unene uliokithiri. (Wako wanaouita kiribatumbo, lakini mafuta hayakai tumboni tu.) Jeni zina mkono wao. Wapo watoto wachache mno wasiotengeneza leptini, homoni ya shibe iliyogunduliwa 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman huko New York. Hula wasitosheke, na wakidungwa leptini njaa hiyo hutulia. Kwa wengi wetu hakuna jeni moja ya kulaumiwa. Jeni ya FTO, iliyohusishwa na unene mwaka 2007, humwongezea mwenye nakala mbili za aina ya hatari kilo 3 hivi kwa wastani.

Epijenetiki inaingia katika habari hii kupitia njaa ya Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945. Wajerumani, waliokuwa wameikalia nchi hiyo katika Vita Kuu ya Pili, walizuia chakula kuingia magharibi mwake. Mgawo ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, watu wakala vitunguu vya maua ya tulipu. Wanawake wajawazito walikuwamo. Utafiti wa 1976 uliwaangalia vijana wa kiume waliopimwa wakiwa na miaka 19 kwa ajili ya jeshi: waliokutwa na njaa katika nusu ya kwanza ya mimba walinenepa zaidi, waliokutwa nayo mwishoni walinenepa kidogo kuliko wenzao. Njaa ni ile ile, ila wakati ulikuwa mwingine.

Mwaka 2008 watafiti waliwapima watu waliotungwa mimba wakati wa njaa hiyo, wakawalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja ambao haikuwakuta. Miaka 60 ilikuwa imepita, na bado jeni ya IGF2, inayohusika na ukuaji, ilikuwa na metili pungufu. Tofauti ilikuwa ndogo, wala haikuthibitisha kwamba ndiyo iliyowanenepesha. Huenda ni unyayo tu wa njaa.

Kwa hiyo naandika "epijenetiki" na "alama za epijenetiki". Anayeandika kwamba njaa "ilibadilisha jeni" za Waholanzi hao anasema jambo jingine: herufi zao zilibaki zile zile walizopewa na wazazi.